Njia ya Ng'ombe wa Miguu Mitano

Hotuba ya kamati ndogo ya watu wenye ulemavu, siku ya harambee ya mwaka

   

Tumepewa dakika 20. Mama zetu walioko jikoni wametuambia ugali wa uwele na mlenda viko tayari, kwa hiyo hatutawaweka na njaa. Tuna mambo matatu tu: kueleza fedha mlizotupa mwaka jana zimefanya kazi gani, kukiri kosa tulilolifanya sisi wenyewe, na kuomba tena.

Mtakumbuka kwamba mwaka jana tulivutana. Kamati hii ilipoomba sehemu ndogo ya makusanyo ili vijana wenye ulemavu wa akili kijijini kwetu watengeneze njia ya sanaa, mjumbe mmoja alisimama akasema, "Shule haina matundu ya vyoo ya kutosha, nanyi mnataka kununua rangi?" Wengi walimpigia makofi. Hatukuchukia, maana swali lilikuwa la haki. Habari za vyoo mmezisikia kwa mweka hazina. Sisi tumekuja kujibu habari za rangi.

Tuanze na hao vijana wenyewe. Tulizunguka nyumba kwa nyumba pamoja na mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya ya jamii. Katika nyumba nyingi tulikaribishwa uji, tukaambiwa, "Hapa hatuna mtoto wa namna hiyo." Safari nyingine tuliambiwa hivyo huku tukisikia sauti ya mtu chumba cha nyuma. Tukarudi mara ya pili na ya tatu. Daftari tuliliacha, tukawa tunakwenda kusalimia tu. Mwisho tukapata watu 11. Mdogo wao ana miaka 15, na mkubwa ameshapita 40. Wawili tu ndio waliowahi kukaa darasani. Wengine hawakuwahi kuandikishwa mahali popote isipokuwa kadi ya kliniki, na wengine hata hiyo hawana.

Tunajua kwa nini wazazi huficha. Mama akijifungua mtoto wa namna hii, kidole cha kwanza huelekezwa kwake: amelaaniwa, amevunja mwiko, kwao kuna jambo. Waganga wa hospitali wanaeleza vingine. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kuumia ubongo. Umanjano mkali wa siku za mwanzo usiotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, au mama mjamzito kukosa madini joto, yote hayo yanaweza kumletea mtoto ulemavu huo. Mwingine huzaliwa na kromosomu moja ya ziada. Na mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Katika orodha hiyo yote hakuna jambo la kumfanya mama ainamishe kichwa.

Ulemavu wa akili maana yake mtu huchelewa kujifunza. Huhitaji kuelekezwa kwa maneno machache, kurudiwa, na kuonyeshwa kwa mikono. Wengine hesabu zinawashinda, wengine maneno yenyewe ni machache. Lakini kila mmoja wao anajua anachokipenda, na kila mmoja anajua anapodharauliwa. Hilo la pili tulijifunza kwa aibu, na tutafika huko.

Kwa nini basi sanaa, na kwa nini njiani?

Ndugu Mwenyekiti, sisi ni watu wa michoro. Mtu akisikia Kondoa hata akiwa nchi za mbali, husikia habari za michoro ya miambani. Shirika la UNESCO liliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336, na idadi ya mapango na miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mary Leakey alikuja mwaka 1951 kuinakili, na mwaka 1983 akaitolea kitabu. Kuna michoro myekundu ya twiga, ya swala na ya watu warefu, ambayo huhusishwa na wawindaji wa kale, na kuna myeupe iliyokuja baadaye. Pale Mungomi wa Kolo hadi leo wapo wanaokwenda kutambika. Wote waliochora pale hatuwajui majina, wala hakuna aliyewahi kuuliza walifika darasa la ngapi. Tunachojua ni kwamba walitumia udongo wa nyumbani kwetu, wakaacha alama mahali ambapo watu wanapita.

Tukasema, udongo bado upo, na njia bado zipo.

Hapa tuweke jambo moja wazi, kwa sababu ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo ina haki ya kutuuliza. Hatukugusa mwamba hata mmoja. Michoro ya kale inalindwa na sheria ya tangu mwaka 1964, na vijana wetu tuliwapeleka kuiangalia kwa macho tu, mikono nyuma. Kazi yetu iko kwenye njia ya miguu itokayo barabara ya lami, inayopita shuleni na gulioni, hadi zahanati. Ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima, na zaidi kidogo kwa mama mwenye mzigo. Tuliomba kuta za maduka, ukuta wa nje wa shule, visiki, na nguzo za saruji tulizozisimika wenyewe. Kila mwenye ukuta alikubali mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Vituo viko 9.

Kazi ilianza wakati wa kiangazi. Mwalimu mstaafu wa kijijini, aliyesomea elimu maalumu Patandi, alitufundisha namna ya kuigawa. Alisema, msimwambie mtu "chora ukuta", maana hilo ni jambo kumi kwa pamoja. Basi mmoja alichimba udongo mwekundu korongoni. Mwingine aliutwanga, mwingine akauchekecha kwa kipande cha khanga, na mwingine akauchanganya na gundi nyeupe ya mbao. Rangi nyeusi tulipata kwa mkaa uliosagwa, na nyeupe kwa chokaa. Mwenye kupenda kuchora alichora, mwenye kupenda kuchekecha alichekecha kuanzia asubuhi hadi adhuhuri na akakataa kabisa kubadilishwa. Tulimwacha. Hatujapata udongo laini kama wake.

Kila siku ya kazi kila mmoja alipewa posho yake mkononi mwake, mzazi akiwa shahidi. Tulisisitiza hilo. Kijana mmoja hununua soda ileile, duka lilelile, kila anapolipwa. Dada mmoja alikusanya hadi akamnunulia mama yake doti ya khanga. Mama huyo alituambia hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mtoto huyu ndiye atakayemvika.

Sasa tuje kwenye kosa.

Kituo cha kwanza, pale unaposhuka kwenye basi, kuna ukuta mkubwa wa duka. Kijana mmoja, mwenye maneno yasiyozidi kumi, alichora ng'ombe mwekundu kwenye ukuta huo. Alichukua siku nne. Ng'ombe alikuwa mkubwa, pembe zake zimefika kwenye bati, na alikuwa na miguu mitano. Mitatu mbele, miwili nyuma.

Mwezi huo tulitarajia wageni kutoka wilayani. Jioni moja wajumbe wawili wa kamati hii, na tuko hapa mbele yenu, tulisimama tukaangalia, tukaambiana, "Watatucheka." Tukachukua chokaa tukaufuta mguu mmoja. Hatukumuuliza mtu. Ilituchukua dakika tano, na tulirudi nyumbani tukiona tumefanya jambo la busara.

Wageni walikuja, wakasifu, wakaenda. Kijana alifika kesho yake asubuhi. Akasimama mbele ya ukuta. Akaweka kiganja chake pale mguu ulipokuwa. Halafu akageuka akaenda kwao, na kwa wiki tatu hakurudi.

Tulituma ujumbe, hakuja. Tukapeleka posho, akaiacha juu ya kigoda. Ndipo tulipokwenda wenyewe, na sukari na majani ya chai kama ilivyo desturi, tukaketi na baba yake. Mzee alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wazee wangu, mwanangu haongei. Hilo ndilo alilokuwa anasema, nanyi mmelifuta."

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi mzee, tukaomba kijana aitwe, tukamwomba radhi na yeye, kwa maneno machache kama mwalimu alivyotufundisha: "Tumekosa. Ng'ombe ni wako. Njoo uumalizie." Hakutujibu. Siku ya tatu alionekana ukutani na kopo la udongo.

Hadi leo hatujui kwa nini miguu ni mitano. Hajatueleza, na sisi hatuulizi tena. Kamati imeandika kanuni moja katika daftari lake: kazi ya mtu haitaguswa na mkono wa mtu mwingine bila yeye kukubali, hata kama anayekuja kuiangalia ni waziri.

Mvua ziliponza mwezi Desemba, tulipata funzo la pili. Udongo na gundi havishindani na mvua ya Kondoa. Katika wiki mbili vituo sita vilikuwa vimetiririka hadi chini. Tuliogopa kwamba vijana watavunjika moyo, kumbe waliovunjika moyo tulikuwa sisi. Wao walikuja kazini kama kawaida.

Fundi mwashi mmoja wa hapo kijijini ndiye aliyetupa njia. Alisema, acheni kupaka, pachikeni. Siku hizi Dodoma inajengwa usiku na mchana, na kila penye ujenzi kuna rundo la vigae vilivyovunjika ambavyo hakuna anayevitaka. Wenzetu mlioko Dodoma mlituletea magunia. Tuliongeza sahani na vikombe vilivyovunjika, na vizibo vya soda. Kioo tulikikataa. Ncha kali zilisuguliwa kwanza kwenye jiwe, na kila mtu alivaa glavu, kwa sababu saruji mbichi inaunguza ngozi. Fundi anapaka saruji eneo dogo, la kutosha kujazwa kabla haijakauka, na vijana wanakandamiza vipande kimoja kimoja. Yule wa kuchekecha udongo sasa anapanga vigae kwa rangi kwenye ndoo, na ole wake atakayetupa kipande cha bluu kwenye ndoo ya kijani.

Ng'ombe amerudi ukutani, mara hii kwa vigae vyekundu. Ana miguu mitano, na mvua haitamfuta.

Ndugu Mwenyekiti, kuna faida gani? Tutaeleza tuliyoyaona kwa macho yetu.

La kwanza, watu wanaelekezana kwa kazi za vijana hawa. Mgeni akiuliza zahanati iko wapi, anaambiwa, "Anzia kwa ng'ombe, pita jua la shuleni, kunja kulia penye kuku." Mama mjamzito asiyejua kusoma anafika bila kuuliza mara ya pili. Hatukulipangilia hilo. Kijiji kimejiamulia chenyewe.

La pili, yupo binti katika wale 11 mwenye kifafa. Dawa zake ziko zahanati, na zamani mama yake aliacha shamba kila mwezi kumpeleka, kwa sababu peke yake alikuwa anapotea. Binti huyu alitengeneza vituo viwili kwa mikono yake na anavijua vyote kwa mpangilio. Mwezi wa Machi alikwenda kuchukua dawa bila kushikwa mkono. Mwanzoni mama alimfuata kwa mbali akijificha nyuma ya mibuyu. Sasa hamfuati.

La tatu ni majina. Mnajua majina ambayo watu hawa huitwa, hatuna haja ya kuyataja mbele ya wazee. Yule kijana wa ng'ombe aliitwa mojawapo tangu utotoni, na watoto wa shule walimrushia mawe. Siku hizi watoto walewale wanamwita Fundi. Wanamwita hivyo kwa sababu wamemwona akifanya kazi, saruji mikononi, siku baada ya siku, kwenye njia yao wenyewe ya kwenda shule.

La nne hatukulitegemea. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri basi mbele ya ng'ombe alianza kuwasimulia vijana mwaka 1979, pale mradi wa HADO ulipoamuru mifugo yote iondolewe milimani ili ardhi iliyoliwa na makorongo ipone. Aliwaeleza namna baba yake alivyowaswaga ng'ombe usiku akilia. Wajukuu wengi hawakuwahi kusikia habari hiyo. Tangu siku hiyo ukuta ule una kiti cha matairi, na mara nyingi kuna mzee amekikalia.

Tumalizie kwa mfano mmoja wa mbali, halafu tuombe. Huko Marekani alikuwepo mama mmoja aitwaye Judith Scott, aliyezaliwa mwaka 1943 pamoja na pacha wake Joyce. Judith alikuwa na hali ya Down, na tena alikuwa kiziwi, jambo ambalo kwa miaka mingi halikutambuliwa. Akiwa na umri wa miaka 7 alipelekwa kwenye taasisi na akakaa humo kwa takriban miaka 35, hadi pacha wake alipomtoa akaishi naye. Mwaka 1987 alianza kwenda Creative Growth, kituo cha sanaa cha watu wenye ulemavu mjini Oakland. Kwa karibu miaka miwili hakuonyesha kuvutiwa na chochote walichompa. Hawakumfukuza. Siku moja akakuta nyuzi, akaanza kuzizungushia vitu, na hakuacha hadi alipofariki mwaka 2005. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Brooklyn, New York, lilifungua maonyesho ya kazi zake.

Hatusemi kwamba kijijini kwetu tuna Judith Scott. Huenda tunaye, huenda hatuna. Tunasema kwamba ingekuwa wafadhili wake walitaka matokeo baada ya miezi sita, asingejulikana. Katika wale 11, wawili bado wanakuja, wanakaa chini ya mti, hawashiki kitu. Posho ya mahudhurio wanapata. Tunaomba mtuvumilie juu yao, kwa sababu sisi tumeamua kuwavumilia.

Sasa maombi yetu.

Kwanza, mifuko ya saruji na magunia ya vigae kwa ajili ya sehemu ya pili ya njia, kutoka zahanati hadi kisimani. Mwenye gari linalotoka Dodoma tupu, atuone baada ya chakula.

Pili, banda la kazi lenye bati na tangi la maji. Kiwanja tumepewa na kijiji. Vijana wanafanya kazi juani, na wawili kati yao dawa zao na jua kali haviendani.

Tatu, posho ya mwaka mzima. Hili ndilo kubwa na ndilo gumu kuchangiwa, kwa sababu posho haina jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Lakini bila posho hii itakuwa tumewatumikisha.

Nne, wataalamu wa kujitolea. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Tunahitaji mwanasheria au afisa maendeleo mstaafu atusaidie kukisajili kikundi hiki ili nacho kiombe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki zao. Kinachokosekana ni mtu wa kujaza fomu.

Tano, na hili halina gharama. Kama nyumbani kwenu yuko mtu wa namna hii, mwambieni mama yake kwa simu leo jioni kwamba kazi ipo siku ya Jumatatu na ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, penye ng'ombe. Tunajua wapo ambao hatujawafikia. Pengine mmoja ni mdogo wako, na humu ukumbini hujawahi kumtaja.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana hawa wamecheza kwao, na sisi ndio kwao.

Kadi za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina. Ndugu yetu aliyeuliza swali la rangi mwaka jana alikwenda nyumbani wakati wa Idi na akaipita njia ile kwa miguu. Ametuomba tusitaje jina lake, ila ameruhusu tuseme kwamba mifuko 10 ya kwanza ya saruji ni yake.

 Karibuni chakula.